Angalia Intaneti Yako

Kuna sentensi moja ambayo vijana ninaofanya nao kazi hapa Kigali wameisoma mara nyingi kuliko methali yoyote. Inatokea katikati ya kioo cha simu, juu yake kuna kialama cha wingu lililokatwa: "Kuna tatizo. Angalia intaneti yako." Iwe kwa Kiingereza, iwe kwa Kifaransa, maana ni ile ile. Tatizo liko kwako.

Nataka tuizungumze sentensi hiyo, juu naona imebeba hukumu ndani yake. Ukurasa ukikataa kufunguka, kosa ni la nani? La aliyeshika simu? La kampuni ya simu? La mvua? Ama la yule aliyeutengeneza akiwa ofisini, waya wa faiba umepita chini ya meza yake? Wengi wetu tunajibu haraka: ni simu yangu mbovu, ni bando langu dogo, ni mimi. Sisi wakimbizi tuna tabia hiyo. Mtu akiishi miaka mingi kwa kusimama kwenye mistari anazoea kufikiri kwamba dirisha likifungwa mbele ya uso wake, basi ni yeye hakuamka mapema.

Mwaka jana dada mmoja alikuja kituoni kwetu kutoka kambi ya Nyabiheke, kule Gatsibo. Alikuwa amemaliza sekondari na pointi nzuri, na alikuwa anaomba bursi ya shirika moja la ng'ambo. Kambini intaneti ilimshinda, akaomba barua ya ruhusa, akakopa nauli, akaja Kigali ambako tunasema mambo ni mepesi. Siku mbili alikaa pembeni ya dirisha letu, upande ambao mnara unashika vizuri. Nilikuwa nikipita namuuliza, "Imefika wapi?" Anajibu, "Yaya, iko inazunguka tu, haifunguke."

Nikakaa naye nione. Ukurasa wa kwanza, kabla ya fomu yenyewe, ulikuwa na video inayojicheza: wanafunzi wanacheka juu ya majani mabichi. Hakuna aliyeiomba. Ilikuwa inakula mega zake huku yeye anatafuta mahali pa kubonyeza. Fomu ilikuwa na sehemu saba. Ukifika ya nne wanataka diploma iliyoskaniwa kwa rangi, na faili ile inapanda polepole, juu kwa simu nyingi kutuma kunachukua muda mrefu kuliko kupokea. Wakati faili inapanda, inatokea: "Muda wako umekwisha, anza upya." Ukianza upya, wale wanafunzi wanacheka tena juu ya majani.

Bando liliisha mara mbili. Siku ya mwisho tarehe ikafungwa, kwa saa za kwao siyo za kwetu. Akaandika barua pepe kueleza yaliyotokea. Jibu lilikuja baada ya siku chache, kwa adabu kabisa: mfumo wao ulifanya kazi vizuri muda wote.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Siamini kwamba walidanganya. Naamini waliangalia kwenye mashine zao na kweli waliona kila kitu ni kizuri. Na hapo ndipo swali langu linapoanzia, juu mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa hakumwona mtu aliyesimama mlangoni.

Lakini kwanza hesabu kidogo, isiyozidi ya darasa la sita. Kasi ya intaneti inapimwa kwa biti, uzito wa ukurasa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Wale wanaopima kurasa za dunia nzima walipozipanga kwa uzito mwaka 2022, ule wa katikati kabisa, kwenye simu, ulikuwa na megabaiti kama 2. Mwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde anaupata kabla hajapepesa jicho. Mwenye laini inayosukuma kilobiti 100 kwa sekunde, kama ile ya 2G ambayo bado inatushika tukiwa bondeni au kambini jioni watu wote wakiwa hewani, anahitaji sekunde 160. Karibu dakika tatu, na hapo ni kama hakuna kilichokatika katikati. Sasa weka sehemu saba za fomu.

Uzito peke yake siyo mwisho wa habari. Ukurasa mmoja unaagiza vitu vingi: picha hii, herufi za mapambo zile, skripti ya kuhesabu wageni, skripti ya matangazo, kingine na kingine. Mara nyingi agizo linatoka Kigali, linapita nchi kavu mpaka pwani, Mombasa au Dar es Salaam, linaingia chini ya bahari, linafika kwenye seva Ulaya au Marekani, linarudi. Halafu agizo lingine linaanza safari. Na vikifika vyote, simu yenyewe, ile tuliyonunua ikiwa imetumika na watu wawili kabla yetu, lazima ivitafune. Skripti ambayo simu mpya inaimeza mara moja, ya kwetu inapata moto mfukoni.

Linganisha na maneno matupu. Insha hii unayoisoma, herufi zake zote kwa pamoja, ni kilobaiti kama 17. Ukurasa wa megabaiti 2 unaizidi zaidi ya mara mia. Mara nyingi habari ambayo mtu ameifuata pale ndani, tarehe ya mwisho, masharti, anwani, haifiki hata nusu ya insha hii.

Sasa turudi kwa wale waliosema mfumo ulifanya kazi vizuri.

Kuna kisa cha YouTube ambacho ningependa kila mtu anayetengeneza tovuti akisikie. Mwaka 2009 injinia mmoja pale, anaitwa Chris Zacharias, aliona ukurasa wa kuangalia video umenenepa mpaka megabaiti 1.2, bado hata video haijaanza. Akajipa kazi ya kuupunguza mpaka chini ya kilobaiti 100. Akatoa hiki, akaandika upya kile, akafika kilobaiti 98. Ukafunguliwa kwa baadhi ya watu, akangoja wiki moja kuona namba. Namba zikasema kinyume: kwa wastani, watu waliopewa ukurasa mwepesi walikuwa wanangoja muda mrefu zaidi kuliko zamani. Alikaribia kukata tamaa. Kumbe walipoangalia watu hao wako wapi, wakaona wengi wapya wametokea Asia ya kusini-mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika, mpaka ndani ya Siberia. Kule ukurasa mwepesi ulichukua zaidi ya dakika mbili. Ule mzito ungechukua zaidi ya dakika ishirini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuungoja ukaisha. Hawakuwa kwenye hesabu kwa sababu hawakuwahi kuingia. Mlango ulipofunguliwa kidogo wakaingia, na kuingia kwao ndiko kulikoharibu wastani.

Soma hapo tena ikiwa umepita haraka. Kabla ya hapo, namba zilikuwa nzuri kwa sababu sisi hatukuwemo.

Mimi nilisoma sekondari tu, falsafa niliyojifunza ni ile ya mwaka wa mwisho, ya kukariri. Lakini najua kuna dhambi za aina mbili tunazozijua wote: kumfanyia mtu vibaya, na kumwona mtu anaumia ukapita. Hii ya tatu haina jina zuri. Unajenga kitu kwa namna ambayo anayeumia hawezi kufika mahali ambapo ungemwona. Halafu unahesabu waliofika, unaona wote wanatabasamu. Yule dada wa Nyabiheke, kwenye vitabu vya shirika lile, siyo mtu aliyekataliwa. Aliyekataliwa ana faili. Yeye hana hata faili.

Na siyo jambo dogo la burudani. Watu wa kwetu wanasoma kwa njia hii. Kambi ya Kiziba, ile ya tangu 1996 iliyo juu ya kilima ukitazama Ziwa Kivu, kuanzia 2015 ilikuwa na vijana waliosoma digrii ya chuo cha Marekani wakiwa pale pale kambini, kwa mpango wa Kepler. Bursi, kazi, miadi, majibu ya faili, vyote vimehamia kwenye kioo. Mtu akisema "ni tovuti tu," huyo hajawahi kungojea kitu chake kiko ndani ya tovuti.

Kwenye kikundi chetu kuna kijana anayejua kazi hii na analipwa kwa kuifanya. Ni Mkongomani kama mimi, tunamwita kaka ingawa nimemzidi mwaka mmoja. Nilipomsomea mawazo haya alikataa, na hoja zake sitaki kuzipitia juu juu, juu ana akili.

Ya kwanza alisema hivi: "Yaya, tukijenga kwa ajili ya simu mbovu tutabaki na simu mbovu. Dunia iko inaenda mbele. Intaneti inaongezeka kasi kila mwaka. Kesho shida hii haiko."

Kwamba inaongezeka, ni kweli. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki yote ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu, na sauti ya simu ya ng'ambo ilikuwa inakuja imechelewa mpaka watu wanagongana maneno. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, EASSy ikafuata 2010. Hapa Rwanda 4G ilianza 2014. Lakini kurasa hazikukaa zikingoja. Barabara ilipopanuliwa, malori nayo yalinenepa, na anayetembea kwa mguu bado anasukumwa kwenye mtaro. Kila kasi mpya inayofika Kigali inawafikia kwanza watengenezaji, wanaizoea, wanajaza nafasi yote. Mtu wa kambini anapata leo kasi ambayo mtu wa mjini alikuwa nayo miaka kadhaa nyuma, ila kurasa anazofungua ni za leo. Kwa hiyo hiyo kesho ya kaka ipo, lakini ni kesho ya watu wa mbele. Wa nyuma wanaipata ikiwa imeshaitwa jana.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi: "Nani atanilipa huo muda? Mteja ananiambia nataka picha kubwa inayosogea, nataka kama ya fulani. Nikimwambia uzito, ananionyesha simu yake, anasema kwangu inafunguka." Hapo sikuwa na jibu la haraka. Hawezi kufukuza wateja kwa ajili ya mtu ambaye hajamwona. Yeye pia ana kodi ya nyumba, na mkimbizi anayepata kazi hachezi nayo.

Lakini angalia jambo alilolisema bila kukusudia. Mteja anaamua kwa kuangalia simu yake mwenyewe. Anayeamua uzito siye anayeubeba. Hapo nafikiri ndipo ubaya wenyewe ulipo, zaidi ya kwenye picha kubwa. Ukienda soko la Kimironko, mama wa nyanya anakutajia bei, mnabishana, unakubali au unaondoka, ndipo anatia kwenye mfuko. Akitia kwanza na akachukua pesa mfukoni mwako kabla hujauliza, utapiga kelele soko zima lisikie. Ukurasa mzito unafanya hivyo hivyo. Ukigusa tu, mega zimeshatoka. Hujui ni ngapi, hukuulizwa, na ukifunga kwa hasira hazirudi. Mwenye intaneti ya mwezi isiyo na mwisho haoni chochote kimetoka. Aliyenunua bando la siku kwa pesa ya mboga anaona.

Mwaka 2015 Facebook walijaribu dawa moja kwa wafanyakazi wao. Kila Jumanne waliwapa nafasi ya kutumia kwa saa moja intaneti iliyopunguzwa mpaka kasi ya 2G, waone watu wengine wanavyoishi. Nilicheka niliposikia. Saa moja, Jumanne, halafu unarudi kwenye yako! Lakini nilipoacha kucheka nilikubali kwamba ni zaidi ya wengi. Angalau kwa saa moja aliyeamua na aliyebeba walikuwa mtu mmoja. Kaka naye nilimwomba jambo kama hilo: siku anapomwonyesha mteja kazi, afungue kwenye ile simu ya kituo, yenye kioo kilichopasuka. Mara moja amefanya. Anasema mteja alinyamaza, halafu akauliza kama hiyo video ni ya lazima.

Kuna watu watasema: sawa, lakini wepesi hauwezekani, teknolojia ya leo ni nzito kwa asili yake. Hawa sina subira nao. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 bila kuhitaji intaneti kwa mteja hata kidogo. Hapa tunabonyeza *182# kwenye simu ya vitufe, na pesa inatoka Kigali mpaka Kirehe ndani ya sekunde. Kumbe ujumbe mmoja wa aina hiyo hauwezi kuzidi herufi 182. Ndani ya herufi hizo wamepanga menyu, jina la unayemtumia ili usikosee, kiasi, uthibitisho, salio. Kampuni za simu zilitaka pesa ya mtu mwenye simu ya vitufe, kwa hiyo zilitafuta lango lenye kipimo chake. Anayekutaka anajua kukufikia. Ndiyo sababu nikiona fomu ya msaada isiyofunguka kwenye simu ya anayesaidiwa, nauliza kama kweli walitutaka, au walitaka tu kuonekana wanatungojea.

Kwa Kinyarwanda "irembo" ni mahali pa kuingilia kwenye boma, na serikali ilipoweka huduma zake kwenye intaneti ilichagua neno hilo liwe jina. Nalipenda hilo jina, na napenda pia kwamba walijua si kila mtu atapita kwenye kioo, wakaweka mawakala kwenye vibanda ambao unakaa nao wakakujazia. Mtu mzima asiyejua kusoma anahudumiwa na mtu, kwa mdomo. Hiyo nayo ni namna ya kutengeneza kwa ajili ya intaneti ndogo, hata kama hakuna mtu anayeiita hivyo.

Lakini kuna mtego upande wa pili, na huu unanitesa zaidi. Ukisema watu wa chini wanahitaji kurasa nyepesi, haraka sana atatokea mtu wa kuwatengenezea mlango wao peke yao, kule nyuma. Facebook walifanya hivyo. Mwaka 2014 walifungua Zambia na Kenya, pamoja na Airtel, huduma ya bure ambayo baadaye iliitwa Free Basics. Hulipi mega hata moja. Ndani yake tovuti chache zilizopitishwa na wao, bila video, bila picha kubwa. Kwenye uzito, ilifuata kila kitu ninachokililia hapa. Na bado India mwaka 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ilipiga marufuku bei za namna hiyo, kwa sababu kampuni moja haifai kuamua sehemu gani ya intaneti ni ya maskini.

Mimi niko upande wa Wahindi, ingawa najua mwenye njaa hachagui. Chakula cha msaada tumekula, tunakijua: mahindi na maharage, ni uzima, lakini mtu mwingine ndiye aliyeamua kwamba mahindi yanakutosha. Ninachoomba kwa watengenezaji ni mlango mmoja, ule ule wa mbele, wenye kizingiti cha chini. Mwenye simu mpya apite, na mwenye simu ya kioo kilichopasuka apite nyuma yake kwenye mstari mmoja. Maneno yafike kwanza, mapambo yafuate. Fomu itunze ulichoandika sehemu kwa sehemu, ili ukikatika uendelee pale ulipoachia. Muda usiishe wakati faili inapanda. Picha ya diploma iliyopigwa na simu ikubaliwe. Na video ingoje mpaka mtu aiguse. Hakuna hata moja hapo inayomdhuru mtu mwenye faiba. Kwake itakuwa haraka zaidi.

Nilidhani hapo nimemaliza, mpaka tulipoanza kutengeneza ukurasa wetu wenyewe, wa insha hizi, kwa wale wasiopata nakala ya karatasi. Kaka aliifanya kazi jioni baada ya kazi zake. Aliacha herufi za mapambo, akatumia zile ambazo simu tayari inazo. Akaacha vihesabu wageni. Ukurasa wa kwanza ukawa kilobaiti 9, na kwenye simu ya kituo ulifunguka kabla sijamaliza kusema "haya." Tulipiga makofi.

Dada mmoja wa kikundi hakupiga. Ndiye aliyechora picha ya jalada, ile ya mama aliyebeba godoro na mtoto ameshika ncha ya kitenge chake, nyuma milima ya Masisi kwa kijani cha aina tano. Akauliza: "Na mchoro wangu?" Kaka akamwambia, ni megabaiti 3, tumeutoa. Dada akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo juu sisi ni maskini, tusome tu. Vya kuangalia ni vya wenye faiba."

Alinishika. Nilikuwa nimefanya kampeni ya wepesi mpaka nikakaribia kusema kwamba mtu wa kambini anahitaji tarehe na masharti peke yake, kama vile jicho lake halina njaa. Nyumba za Mahama nimeziona, watu wanachora maua kwenye ukuta wa udongo. Hakuna aliyewaambia ni mzigo. Uzuri haukuwa adui wakati wowote. Nilichokikataa ni kulipishwa bila kuulizwa, na hapo mchoro unaweza kukaa bila shida yoyote, mradi mtu aulizwe.

Tukabishana wiki mbili. Kaka aliupunguza mchoro, upana wa kioo cha simu tu, ukashuka mpaka kilobaiti 210. Dada akalia kwamba kijani cha tano kimepotea, na kweli kilikuwa kimepotea, nilitafuta kwenye mlima wa nyuma sikukiona. Kaka akaongeza kidogo, ikawa 340, kijani kikarudi. Sasa mahali pa mchoro kuna mstari mmoja wa maandishi: "Mama na godoro, mchoro wa rangi. Kilobaiti 340. Gusa kama unataka kuuona." Chini yake maneno ya kueleza kilichochorwa, ambayo dada aliyaandika mwenyewe, mistari minne, kwa ajili ya mtu ambaye leo hana mega za kutosha, na kwa ajili ya asiyeona.

Yeye bado hajaridhika. Anasema mchoro unaoombwa kwanza ndipo utokee ni kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Kaka anasema tuuweke utokee wenyewe kwa mwenye wifi na ungoje kwa mwenye bando, lakini si kila simu inaweza kuuambia ukurasa tofauti hiyo. Mimi nimeomba tuwaulize watu wa Kiziba na Nyabiheke wanaotusoma wanapendelea nini, na tumewatumia ujumbe mfupi wa kawaida, usiohitaji intaneti. Majibu kumi na moja yameshafika. Sita wanataka kuulizwa kwanza, wanne wanataka mchoro utokee wenyewe. Mmoja amejibu kwamba yeye anapenda karatasi, na ameuliza nakala yake iko wapi.